Kompyuta Ikikunyima Ruhusa, Faili Haijapotea

Jirani yangu mmoja hapa Munyaka, mama mwenye wana watatu, alinijia jioni moja akiwa na diski ya kompyuta aliyoifunga kwenye leso. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya marehemu mumewe, nayo ilikuwa imekufa, haiwaki tena. Ndani ya diski mlikuwa na picha za watoto, hesabu za chama na nakala za karatasi za ploti. Fundi mmoja mjini alikuwa ameichomeka diski hiyo kwenye mashine nyingine, akaona maandishi kwamba hana ruhusa ya kufungua folda. Akamwambia mama diski imeharibika, bora aifomati apate kuitumia upya. Mama akasita, akaichukua diski yake akaondoka. Kusita huko ndiko kulikomwokoa.

Mimi ni mtu wa Mombasa, riziki ndiyo iliyonileta huku Eldoret, mji ambao wengi bado wauita Sisibo. Nina kibanda cha saiba: napiga chapa, nachapisha, natengeneza kompyuta ndogondogo. Ndugu na jamaa wa Pwani hunipigia simu kwa swali hili hili la ruhusa, hivyo nimeona niliandike mara moja, kila mtu aliweke. Nazungumzia mashine za Windows, maana ndizo zilizo mikononi mwa wengi wetu.

Kwa nini kompyuta huuliza

Zamani, enzi za Windows XP, wengi wetu tulifanya kazi zetu zote kama wasimamizi wa mashine. Programu yoyote tuliyofungua ilipata nguvu zetu zote, na virusi navyo vilipata nguvu hizo hizo. Windows Vista ilipotoka mwaka 2007, mambo yalibadilika. Tangu hapo, hata ukiwa msimamizi, programu zako huendeshwa kwa nguvu za mtumiaji wa kawaida. Programu ikitaka kugusa sehemu nyeti, kioo hufifia na swali hutokea. Ni kama mtu amepiga hodi, na wewe mwenye nyumba ndiwe wa kusema karibu au kumrudisha.

Ukiwa msimamizi, utaulizwa ndiyo au la tu. Ukiwa mtumiaji wa kawaida, utatakiwa uandike neno la siri la msimamizi. Kitufe chenye alama ya ngao ndogo ya buluu na manjano chakuonya mapema kwamba swali hilo linakuja.

Kwanza jua umekataliwa na nani

Maandishi ya kukataliwa hufanana, lakini sababu zake ni mbalimbali. Yasome mpaka mwisho kabla hujabonyeza kitu.

Sababu ya kwanza ni folda ya mfumo. Ukitaka kuweka au kufuta faili ndani ya "Program Files" au "Windows", utaombwa ruhusa ya msimamizi. Kama wajua unachofanya, bonyeza "Continue". Kama hujui, acha. Na ukiona jina TrustedInstaller, hiyo ni mali ya Windows yenyewe. Usiinyang'anye kwa sababu wataka nafasi kwenye diski. Mashine yaweza kukataa kuwaka kesho yake.

Sababu ya pili ni faili iliyo wazi. Hapo kompyuta husema kuna programu inayoitumia. Ifunge programu hiyo, au uzime mashine na kuiwasha tena, kisha ujaribu upya. Nguvu za msimamizi hazihitajiki hapa.

Sababu ya tatu ni flashi au kadi iliyofungwa isiandikwe. Flashi nyingi hutumia mpangilio wa FAT32 au exFAT, na mipangilio hiyo haiweki kumbukumbu ya mwenye faili. Kwa hivyo flashi ikikataa, tazama kama ina kiswichi cha kufungia ubavuni, au kama imeanza kufa.

Sababu ya nne ni faili ya mwenyewe mwingine, na hii ndiyo iliyomkuta jirani yangu.

Diski iliyotoka kwenye kompyuta nyingine

Diski za Windows hutumia mpangilio uitwao NTFS. Humo kila faili ina mwenyewe, na ina orodha ya walioruhusiwa kuisoma au kuibadilisha. Mwenyewe hatambuliwi kwa jina, hutambuliwa kwa nambari ndefu, ambayo mara nyingi huanza na S-1-5-21. Ukifungua akaunti kwenye kompyuta mpya, hata kwa jina lile lile na neno la siri lile lile, nambari itakuwa nyingine. Kwa hiyo mashine mpya haimjui marehemu, wala haijui kwamba wewe ni wa nyumba yake. Diski ni nzima, ila imemwona mgeni.

Fanya hivi, ukiwa umeingia kama msimamizi:

1. Usifomati, hata ukiombwa. Ichomeke diski kwa waya wa USB, na usiandike kitu chochote juu yake.

2. Fungua folda unayoitaka. Ukiambiwa huna ruhusa na ukaona "Continue", bonyeza, kisha usubiri. Folda kubwa huchukua muda. Mara nyingi kazi huishia hapo.

3. Ikikataa bado, bonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague "Properties", kisha "Security", kisha "Advanced". Juu utaona neno "Owner". Bonyeza "Change" iliyo kando yake, andika jina la akaunti yako, bonyeza "Check Names", halafu "OK".

4. Tia alama kwenye kisanduku kinachosema mwenyewe abadilishwe hata kwa folda na faili zilizomo ndani, kisha "Apply". Funga madirisha yote.

5. Rudi "Security", bonyeza "Edit", jiongeze kwenye orodha na ujipe "Full control".

6. Nakili faili uzipeleke kwenye diski nyingine. Nakala iliyo kwenye diski mpya hufuata ruhusa za folda ilikowekwa, hivyo usumbufu huishia hapo.

Waliozoea dirisha la amri waweza kulifungua kama wasimamizi na kuandika mistari hii miwili, wakibadilisha njia ya folda na jina:

takeown /F "E:\Picha" /R /D Y
icacls "E:\Picha" /grant JinaLako:F /T

Fanya hivi kwa folda ya mtu tu. Usiifanyie diski nzima ambayo Windows yaendelea kuitumia, maana utavuruga ruhusa za mfumo wote.

Mahali ambapo ruhusa haitoshi

Kama diski ilifungwa kwa BitLocker, kuchukua umiliki hakutasaidia. Utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Kwenye kompyuta nyingi mpya ufunguo huo huwekwa ndani ya akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, basi utafute huko kwanza. Waliofungiwa faili moja moja kwa usimbaji wa Windows nao huhitaji cheti cha akaunti ya zamani. Ndiyo maana nawaambia watu waandike funguo hizi kwenye karatasi na kuziweka pamoja na hati za nyumba. Mtu akifa bila kuziacha, hakuna fundi wa kuzirudisha.

Usilizime swali

Kuna mafundi wanaoona raha kulizima swali hili kabisa, ili mteja asisumbuke. Mimi pia niliwahi kumfanyia mteja hivyo, na haukupita muda mashine ikarudi imejaa virusi, kazi yake imeharibika. Sijarudia. Njia nzuri ni kuwa na akaunti mbili: moja ya msimamizi yenye neno la siri, na nyingine ya kawaida ya kazi za kila siku na ya watoto. Swali likitokea wakati hujafungua wala kuweka programu yoyote, jibu ni la.

Faili za watu ni amana

Wengi wetu twanunua kompyuta zilizotumika. Ukikuta humo folda ya mtu usiyemjua, uwezo wa kuifungua haukupi haki ya kuisoma. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta yahesabu kuingia bila idhini kuwa kosa. Kompyuta ya ofisi au ya shule nayo ina msimamizi wake, muulize yeye. Kabla ya kufungua diski ya jirani yangu, nilimkalisha kando yangu, na kila folda aliichagua mwenyewe.

Kazi ilichukua kama saa mbili. Karatasi za ploti zilipatikana, hesabu za chama zilipatikana, na picha zilipatikana. Alipofika kwenye picha za harusi yake aliniomba nisimame kidogo, nami nikatoka nje nikamwacha. Tulinakili kila kitu mara mbili, nakala moja akaenda nayo kwake na nyingine akampelekea kakake.

Basi ukiambiwa huna ruhusa, usikubali haraka kuambiwa kwamba mali yako imepotea. Uliza kwanza faili ni ya nani.