Kujidhamini: Mfanyabiashara Mgeni na Kampuni Yake

Majuzi nilikuwa nikifundisha kirejeshi nafsi -ji- katika kidato cha tatu. Tulipitia kujiosha, kujipenda na kujitegemea, mpaka msichana mmoja alipoandika ubaoni neno kujidhamini. Wenzake wakacheka. Mdhamini, walisema, ni mtu anayesimama nyuma ya mwingine. Nani awezaye kusimama nyuma yake mwenyewe? Niliwaambia kwamba kisarufi neno hilo halina kasoro. Kisheria, hata hivyo, limehitaji hila, na hila hiyo ina historia ndefu ambayo sehemu yake chungu ilipita hapa kwetu Uganda.

Hila yenyewe ni kampuni. Katika eneo la Whitechapel jijini London alikuwapo mtengenezaji wa viatu aliyeitwa Aron Salomon. Mwaka 1892 aliisajili biashara yake kuwa kampuni. Sheria ya wakati ule ilidai wanahisa saba, naye aliwapata wote nyumbani: yeye, mkewe, binti yao na wana wanne. Kati ya hisa 20,007 zilizotolewa, 20,001 zilikuwa zake. Kampuni ilipofilisika, upande wa wadai ulisema kwamba kampuni ile si kitu ila ni Salomon aliyebadili kanzu, hivyo alipe madeni mwenyewe. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilikataa hoja hiyo mnamo Novemba 1896. Kampuni ikishasajiliwa, walisema majaji, ni mtu kisheria, naye si yule aliyeianzisha.

Kesi ya pili hunigusa zaidi. Huko New Zealand, rubani mmoja aliyekuwa akimwaga mbolea mashambani kwa ndege alianzisha kampuni yenye hisa 3,000. Zake zilikuwa 2,999. Alikuwa mkurugenzi wa kampuni hiyo, na kampuni ikamwajiri kuwa rubani wake mkuu. Mwaka 1956 ndege yake ilianguka akafa, na mjane wake akadai fidia ya mfanyakazi aliyefia kazini. Mahakama ya rufani ya huko ilimnyima, ikiuliza ni vipi mtu mmoja atoe amri na kuitii yeye yule. Shauri lilifika Baraza la Rufani jijini London, na mwaka 1960 mjane akashinda: aliyetoa amri ni kampuni, aliyeitii ni marehemu. Walikuwa wawili.

Hapo ndipo kujidhamini kunapopata miguu. Serikali humtaka mgeni awe na mwenyeji wa kumdhamini. Mgeni husajili kampuni katika nchi anayoiendea, na kampuni ile, ambayo sasa ni mwenyeji kwa kuwa imezaliwa huko, humwombea kibali. Nchini Uingereza kampuni huomba kwanza leseni ya udhamini, kisha humwajiri mwanzilishi wake. Kwa majirani zetu mlango huwa wazi zaidi. Kenya ina kibali cha daraja G kwa mgeni anayetaka kufanya biashara mahususi, naye huthibitisha mtaji wa dola 100,000 za Marekani. Tanzania humpa mwekezaji au mtu aliyejiajiri kibali cha ukaazi cha daraja A, na aliyeajiriwa na wengine hupewa cha daraja B. Angalieni herufi hizo, wanafunzi wangu: mtu yuleyule, mwenye ujuzi uleule, husimama foleni tofauti kulingana na jina lililoandikwa kwenye usajili wa kampuni.

Zamani hapakuwa na foleni. Allidina Visram alifika pwani yetu kutoka Kutch, India, mwaka 1863 akiwa mtoto wa miaka kumi na kitu. Akafanya kazi Bagamoyo chini ya Sewa Haji Paroo, tajiri aliyezigawia bidhaa na wapagazi misafara ya bara, kisha akaanza biashara yake. Mwishoni mwa miaka ya 1890 alikuwa na duka Kampala, na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliposonga mbele, maduka yake yaliifuata kituo hadi kituo. Alipofariki mwaka 1916 alikuwa na matawi kutoka pwani hadi mipakani mwa Kongo. Hakuna ofisa aliyemwuliza kibali cha daraja lolote. Alichohitaji ni mtu wa kumkopesha marobota ya nguo na jamaa wa kumpokea. Udhamini ulikuwapo, ila ulikuwa wa ukoo na wa deni.

Wengi walifuata njia hiyo, wale waliofupishiwa jina wakaitwa dukawala. (Wengine hudhani wote ni wajukuu wa wajenzi wa reli. Wahindi takribani 32,000 waliletwa kujenga reli, lakini waliosalia baada ya kazi ni karibu 6,700 tu. Wengi wa wenye maduka walikuja wenyewe, kwa majahazi na meli, kwa nauli zao au za wajomba zao.) Muljibhai Madhvani alifika Uganda mwaka 1908 akiwa kijana, akauza katika duka la jamaa zake huko Iganga, na mwaka 1930 akaanzisha kiwanda cha sukari cha Kakira, karibu na Jinja.

Haifai kuisimulia habari hii kana kwamba mlango ulikuwa wazi kwa wote. Serikali ya kikoloni iliwapanga watu kwa rangi. Mkulima Mwafrika aliyelima pamba hakuruhusiwa kwa urahisi kuichambua wala kuiuza nje, na mkopo wa benki ulikuwa ndoto kwake. Uhuru ulipofika, swali la nani ana haki ya kufungua duka lilikuwa limeshaiva kwa hasira.

Kenya ilipitisha sheria ya uhamiaji na sheria ya leseni za biashara mwaka 1967. Asiye raia akahitaji kibali cha kuishi na leseni ya kuuza, na maeneo na bidhaa kadhaa zikafungwa kwake. Uganda ilifuata kwa sheria zinazofanana mwaka 1969. Uingereza nayo, ambayo pasipoti zake walizibeba wengi wao, ilikuwa imekwisha kuufunga mlango wake kwa sheria ya Machi 1968. Hivyo mwenye duka alijikuta kati ya nchi iliyompa pasipoti bila makao na nchi iliyompa makao bila leseni. Wala msidhani jambo hili liliwapata Waasia pekee. Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliwaondoa Uganda wafanyakazi wasio raia, na wengi wao walikuwa Wakenya, watu waliovuka mpaka wa Busia kwa miguu kama tunavyovuka sisi leo.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza waondoke, nao wakapewa siku 90. Takribani 28,000 walipokelewa Uingereza. Wengine walikwenda Kanada, India na kwingineko. Hapa ndipo kesi ya Salomon huonekana kwa sura ya kutisha. Mtu na kampuni yake ni wawili, walisema majaji wa London. Basi Amin aliwatenganisha. Mtu alipandishwa ndege Entebbe na kampuni ikabaki. Maduka yaligawiwa wanajeshi na wapambe. Kiwanda cha Kakira kilisimama, na Uganda iliyokuwa ikiuza sukari nje ikaingia katika miaka ya kupanga foleni ya sukari. Mama yangu huhadithia chai ya chumvi ya wakati ule, nasi watoto tulidhani ni mzaha.

Mwaka 1982 Bunge la Uganda lilitunga sheria ya kuwarudishia wenyewe mali zilizotwaliwa, na familia ya Madhvani ilirudi Kakira mwaka 1985. Leo miwa yake huonekana ukiwa barabarani kutoka Jinja kwenda Iganga, pande zote mbili.

Je, jirani wa leo ana ulinzi gani asiokuwa nao dukawala wa 1972? Ana karatasi moja yenye uzito. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilitiwa saini Arusha tarehe 20 Novemba 2009, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ibara ya 13 inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kujiajiri na ya kuanzisha na kuendesha kampuni katika nchi nyingine mwanachama, bila kubaguliwa kwa uraia wake. Mkiisoma, isomeni pole pole, kwa maana itifaki hiyohiyo inaziruhusu serikali kuweka mipaka kwa sababu kama usalama na afya ya umma, na ahadi za kila nchi zimeorodheshwa katika viambatisho ambavyo watu wachache hufika kuvifungua.

Tarehe 28 Julai 2025 Tanzania ilitangaza amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo uwakala wa fedha kwa simu, ukarabati wa simu, uongozaji watalii na uchimbaji mdogo wa madini. Amri haikutoka hewani: wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kwamba wageni wameingia hadi katika rejareja, na muuza duka anayeshindana na mwenye mtaji mara kumi ya wake ana haki ya kusikilizwa. Viongozi wa Kenya walipinga wakisema itifaki imekiukwa. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinasema kweli, na kosa ni kumpima Mganda mwenye mkasi mmoja kwa kipimo cha mwenye makontena.

Nasema mkasi kwa sababu nina mwanafunzi wa zamani aliyesomea ususi, ambaye dada yake ameolewa Mwanza. Alikuwa amepanga kusajili kampuni huko, imwombee kibali, afungue saluni katika chumba karibu na soko. Aliniletea fomu nimsaidie maneno magumu. Tulipofika kwenye orodha ile ya 15 tulilikuta neno saluni, na mbele yake tukaukuta msamaha: isipokuwa iliyomo hotelini au inayohudumia utalii. Alikaa kimya kidogo, kisha akampigia dada yake simu amwulizie hoteli za Mwanza hupangisha chumba kwa kiasi gani kwa mwezi. Bado tunasubiri jibu.