Reguleta ya mpiga mbizi: kwa nini huvuja ikitoka tu kwa fundi?

Leo tuziache kompyuta zipumzike kidogo, tuzungumzie kifaa kingine ambacho, kwa maoni yangu, kinaweza kumfunza mwandishi wa programu mengi. Nacho ni reguleta, kile kidude ambacho mpiga mbizi hukiuma mdomoni ili avute hewa kutoka kwenye mtungi ulio mgongoni mwake.

Waulize wanaopiga mbizi Watamu, Diani au Pemba, watakueleza jambo moja linalowakera. Reguleta imefanya kazi msimu mzima bila neno. Ikapelekwa kwa fundi aliyesomea kazi hiyo, ikafanyiwa sevisi. Ikirudi tu, inaanza kutoa mapovu yenyewe, au kuvutika kwa shida, au kuingiza maji. Pesa umelipa, risiti unayo, na shida ni ile ambayo hukuwa nayo kabla! Wengi humlaumu fundi pale pale, na kuna siku lawama hiyo ni ya haki. Lakini ukifuata historia ya kifaa chenyewe, na historia ya kutengeneza mitambo kwa jumla, utaona kwamba tatizo hili ni la zamani na lina sababu zinazoeleweka. Ukizielewa, unaweza kujiokoa.

Tuanze Ufaransa. Mwaka 1860 mhandisi wa migodi aitwaye Benoît Rouquayrol alipata hataza ya kifaa cha kudhibiti hewa. Hakuwa akifikiria bahari. Alitaka kuwasaidia watu walioingia migodini mahali penye hewa mbaya. Mwaka 1864 akaungana na Auguste Denayrouze, afisa wa jeshi la majini, wakakigeuza kitumike chini ya maji. Siri yake ilikuwa kiwambo cha mpira, mfano wa ngozi ya ngoma. Upande mmoja wa kiwambo kuna maji, upande wa pili kuna hewa unayovuta. Ukivuta pumzi, kiwambo kinaingia ndani na kusukuma vali, hewa inakuja. Ukiacha kuvuta, kinarudi mahali pake na vali inafunga. Hewa haitoki mpaka iombwe, na kwa kuwa maji yenyewe ndiyo yanayokisukuma kiwambo, unapata hewa yenye presha inayolingana na kina ulichofika. Jules Verne alikipenda kifaa hicho hata akawapa mabaharia wake wa Nautilus katika ile riwaya yake maarufu ya mwaka 1870.

Tatizo ni kwamba mitungi ya enzi hizo haikuweza kubeba hewa nyingi. Mpiga mbizi aliendelea kutegemea pampu iliyokuwa juu ya maji, na wazo hilo zuri likakaa kando kwa miongo kadhaa.

Lilirudi kwa njia ya ajabu. Mwaka 1942 Ufaransa ilikuwa chini ya Wajerumani, petroli ilikuwa adimu, na magari yakaanza kuendeshwa kwa gesi. Mjini Paris mhandisi Émile Gagnan wa kampuni ya Air Liquide alikuwa na vali ya kupeleka gesi kwenye injini kulingana na mahitaji yake. Mwezi Desemba mwaka huo akatembelewa na Jacques Cousteau, afisa wa jeshi la majini ambaye baba mkwe wake alikuwa wa kampuni hiyo hiyo. Cousteau alitaka vali itakayompa hewa baharini. Kwa hiyo ukitazama reguleta ya mtungi wa gesi jikoni kwako, ujue unatazama jamaa wa karibu wa ile ya mpiga mbizi.

Januari 1943 wakaijaribu katika mto Marne. Cousteau alipolala mlalo ndani ya maji, ilifanya kazi vizuri. Aliposimama wima, hewa ikamwagika hovyo. Alipoinamisha kichwa chini, hewa ikawa ngumu kuvuta. Walipochunguza wakagundua kwamba tundu la kutolea pumzi lilikuwa mbali na mahali pa kuingizia hewa. Mtu akisimama, matundu hayo mawili yalipishana kwa karibu sentimita 15 za maji. Tofauti hiyo ndogo ilitosha kuivuruga mashine nzima. Wakayasogeza yakawa jirani, na kufikia Juni 1943 Cousteau alikuwa akiitumia katika bahari ya Mediterania. Ona basi: ugonjwa wa kumwaga hewa ulizaliwa pamoja na kifaa chenyewe, na dawa yake ilipatikana kwa sababu waliijaribu katika kila mkao.

Mwaka 1952 huko Melbourne, Australia, Ted Eldred alianza kuuza reguleta yake iliyoitwa Porpoise. Ile ya Gagnan ilikuwa na mabomba mawili manene yaliyopita mabegani hadi mdomoni. Eldred aligawa kazi sehemu mbili zikiunganishwa na bomba moja jembamba, na mpango huo ndio unaotumika karibu kila mahali leo. Hatua ya kwanza hukaa kwenye mtungi. Inapokea hewa ya takriban bar 200 na kuishusha hadi bar 9 au 10 juu ya presha ya maji yanayokuzunguka. (Tairi la gari dogo lina kama bar 2 hivi, upate kulinganisha.) Hatua ya pili hukaa mdomoni, na hiyo humalizia kazi kwa kiwambo kile kile cha akina Rouquayrol. Iliyorekebishwa vizuri hufunguka kwa mvuto mdogo sana, wa kama sentimita 3 za maji.

Hapa kuna uamuzi wa kihandisi ambao ningependa kila mwandishi wa programu auone. Katika reguleta nyingi, vali ya hatua ya pili hufunguka kuelekea kule kule hewa inakokwenda. Presha inaisukuma ifunguke, springi inaizuia. Maana yake, hatua ya kwanza ikishindwa kuizuia presha, bomba halipasuki wala hewa haikatiki. Vali ya mdomoni inazidiwa nguvu na kuanza kuvuja. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kuvuja huku kunakupotezea hewa, na kunaweza kumaliza mtungi kwa dakika chache kukiwa kukubwa, lakini angalau bado una kitu cha kupumua unapopanda juu taratibu. Na kunapiga kelele, kwa hiyo huwezi kukosa kujua.

Sasa twende kwa fundi. Sevisi ni kukifungua kifaa chote, kukiosha chumvi na kutu, kubadilisha pete za mpira ambazo mafundi huziita oringi, kubadilisha siti za vali, kukifunga tena na kukipima. Siti ni kile kipande laini kinachokandamizwa kwenye mdomo mkali wa chuma ili hewa isipite. Siti mpya ni tambarare. Baada ya kukandamizwa kwa muda inapata alama ya duara, yaani inazoea mahali pake, na inapozoea vipimo vinahama kidogo. Fundi aliyerekebisha kila kitu sawasawa Jumatatu anaweza kukabidhi kifaa ambacho kufikia Ijumaa si kile alichokipima.

Kuna na mengine. Mkwaruzo mdogo au chembe ya uchafu kwenye siti ya hatua ya kwanza huiacha presha ya kati ipande polepole badala ya kutulia. Dalili yake ni mapovu yanayoanza reguleta ikiwa imekaa bila kutumika, kisha yanaacha ukivuta pumzi moja, kisha yanarudi. Kijiti cha ndani ya hatua ya pili kikiwekwa juu mno, hewa hutiririka yenyewe. Kikiwekwa chini mno, unavuta kwa nguvu. Hili la mwisho ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu halina kelele. Mtu anavuta kwa taabu, hewa chafu inamjaa mwilini, anaanza kuhema na kupata hofu akiwa mita 25 chini. Tena kiwambo kikikunjwa wakati wa kufunga, maji yanaingia mdomoni.

Je, ni wapiga mbizi peke yao? La. Katika miaka ile ile ya vita, wanasayansi waliokuwa wakisaidia kikosi cha anga cha Uingereza kilichowinda nyambizi walichunguza kumbukumbu za matengenezo ya ndege. Mmoja wao alikuwa C. H. Waddington, mwanabiolojia, ambaye kitabu chake kuhusu kazi hiyo kilichapishwa mwaka 1973. Ndege zilikuwa zikikaguliwa kila baada ya saa kadhaa za kuruka. Mtu angetarajia kwamba hitilafu zitakuwa chache mara tu baada ya ukaguzi, halafu ziongezeke kadiri ukaguzi unaofuata unavyokaribia. Kumbukumbu zilionyesha kinyume! Hitilafu zilikuwa nyingi ndege ilipotoka tu kukaguliwa, kisha zikapungua. Mikono iliyofungua ili izuie uharibifu ilikuwa pia ikiuleta.

Mwaka 1978 F. Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United Airlines waliandika ripoti kwa ajili ya wizara ya ulinzi ya Marekani. Kati ya aina za vipuri vya ndege walizochambua, asilimia 68 zilikuwa na hitilafu nyingi mwanzoni, baadaye zikatulia. Ni asilimia 11 tu zilizoonyesha kuchoka kwa umri. Reguleta si ndege, na chumvi ya bahari haina huruma, kwa hiyo asije mtu akasema nimemwambia asifanye sevisi. Mpira unazeeka, kutu inakula, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Ninachosema ni kwamba siku ya kwanza baada ya sevisi ni siku ya kuwa macho. Sisi wa programu tunalijua hilo: mfumo hauanguki sana siku zile ambazo hakuna aliyeugusa, huanguka usiku ule tulipoweka toleo jipya.

Nina mfano wangu. Reguleta yangu ilirudi kutoka kwa fundi, jina nalihifadhi. Nikaifunga kwenye mtungi nyumbani na kuweka geji ya presha ya kati. Sindano ikasimama kwenye 9.5, safi kabisa. Nikaiacha hapo. Baada ya dakika 10 ilikuwa imepita 12, na mapovu yameanza. Nilipoirudisha, fundi akaniambia, "Ilipotoka hapa ilikuwa sawa." Sikubishana naye, kwa sababu alikuwa akisema kweli. Yeye alisoma geji mara moja, mimi nikaisoma mara kumi. Nilimpa karatasi yenye namba zangu, dakika kwa dakika, akaifungua na kukuta siti mpya ina mkwaruzo. Akabadilisha bila malipo, tukaachana vizuri. Namba zile ndizo zilizotuokoa na ugomvi. "Haifanyi kazi" ni lalamiko, lakini "inapanda kutoka 9.5 hadi 12 kwa dakika 10" ni habari ambayo fundi anaweza kuifanyia kazi.

Basi kwa wale wanaopiga mbizi, au wenye jamaa anayefanya kazi ya kuongoza watalii baharini, fanyeni hivi. Kwanza, msipeleke reguleta kwa fundi jana yake mkisafiri leo. Acheni wiki mbili tatu katikati. Pili, kabla ya kufungua mtungi, vuta pumzi kwenye reguleta iliyofungwa kwenye mtungi huo. Isipitishe chochote. Ikipitisha hewa kavu nyumbani, itapitisha maji baharini. Tatu, fungua mtungi, izamishe reguleta yote katika beseni la maji na utazame mapovu, kwenye viungo vya mabomba pia. Nne, iache ikae na presha dakika 10 au zaidi, kisha usikilize, na kama una geji, andika namba. Tano, vuta pumzi kwenye zote mbili, ile kuu na ile ya akiba, maana ya akiba ndiyo husahaulika, na ndiyo atakayopewa mwenzako siku hewa yake ikikatika. Sita, mbizi ya kwanza iwe mahali pa mita chache tu, na ugeuke kila upande: wima, mlalo, kichwa chini. Kama Cousteau mtoni. Saba, ukiona kasoro usiifungue mwenyewe kama hukusomea. Rudi kwa aliyeifanya, ukiwa na maandishi.

Mwambie pia akuandikie alichobadilisha na vipimo alivyoacha. Fundi mzuri hachukii swali hilo. Atakayechukia, tafuta mwingine, kwa maana presha anayoirekebisha mezani ni pumzi yako ukiwa mita 25 chini.

Wenye uzoefu wa haya, iwe ni baharini au kwenye mitambo mingine, tuandikieni hapo chini tujifunze pamoja. Tuonane tena panapo majaliwa.