Karani wa posta aliyejifunza siasa kwa kalamu hapa Kisangani

Mlio mjini na ninyi mliofika ng'ambo ya Lubunga mkikimbia mapigano ya Mbole na Lengola: Patrice Lumumba tunamjua kwa sauti. Hotuba ya tarehe 30 Juni 1960, mbele ya mfalme Baudouin, hata watoto wa shule wanaijua. Lakini kabla ya sauti ilikuwepo kalamu, na kalamu hiyo ilinolewa hapa kwetu, wakati mji ukiitwa bado Stanleyville.

Alifika mwaka 1944, kijana wa miaka 19, mgeni. Alizaliwa Onalua, kule Sankuru, Mtetela asiye na shamba wala jina hapa. Akapata kazi ya ukarani, kisha posta. Walimpeleka Léopoldville kusomea kazi hiyo, akafanya muda Yangambi, akarudi mjini. Jioni alikuwa anasoma na kuandika. Makala zake zilitoka katika magazeti ya Kifaransa ya wakati ule, kama La Croix du Congo na La Voix du Congolais, na wafanyakazi wa posta walikuwa na jarida lao, L'Écho postal, ambalo yeye ndiye alilisimamia. Aliongoza chama cha watu wa kabila lake, ni kweli, lakini pia chama cha wafanyakazi wa posta na kile cha Wakongo waliosoma, ambamo mtu hakuulizwa katoka kijiji gani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wapenzi wake hawapendi litajwe. Julai 1956, akitoka safari ya Ubelgiji, alikamatwa kwa fedha za posta, franka zaidi ya laki moja. Hakukana kwamba alizichukua. Alisema mshahara wa karani Mwafrika haukutosha kuishi maisha ambayo wakoloni wenyewe walimtaka aishi ili wamhesabu mtu aliyestaarabika. Alifungwa mpaka 1957.

Gerezani hapa Stanleyville aliandika kitabu kizima juu ya Kongo kama nchi ya kesho. Ukikisoma leo utashangaa. Hamna moto ndani yake. Anaomba Wakongo waliosoma waheshimiwe, mishahara isitofautiane kwa rangi ya ngozi, Wabeleji na Wakongo wajenge nchi pamoja. Alikituma kwa mchapishaji Brussels, hakikutoka. Kilikuja kuchapwa mwaka 1961, mwandishi akiwa amekwisha kuuawa.

Wengine wanasema kitabu hicho kinamwaibisha. Mimi naona kinyume. Kinaonyesha mtu aliyeomba kwanza kwa adabu, kwa maandishi, na hakujibiwa. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1958, yumo kati ya walioanzisha chama cha MNC; Desemba yuko Accra kwenye mkutano wa Waafrika wote; halafu chama kikawa na gazeti lake, ambalo jina lake tu lilikuwa ni madai: Indépendance.

Mwisho wa Oktoba 1959 alirudi hapa kwa kongamano la chama. Askari walifyatua risasi, watu wa mji huu wakafa, naye akakamatwa tarehe 1 Novemba. Januari 1960 alihukumiwa miezi sita, lakini siku chache tu baadaye ilibidi wamtoe na kumpeleka kwa ndege Brussels, kwa sababu wajumbe wengine wa Kongo walikataa kujadili uhuru bila yeye.

Jina lake lilitumiwa baadaye kwa mambo mengi. Mwaka 1964 Wasimba waliuteka mji huu wakilitaja, na wazee wetu hawajasahau waliouawa miezi ile. Asiwekewe yeye damu hiyo. Alikuwa amekufa miaka zaidi ya mitatu.

Kuna safari moja ambayo hakuimaliza. Usiku wa tarehe 27 Novemba 1960 alitoroka Léopoldville, alikozungukwa na askari, akaelekea huku, maana huku ndiko alikokuwa na watu wake. Alifika mto Sankuru, akavuka. Mke wake Pauline na mtoto wao mdogo Roland walibaki ng'ambo, na askari wakawafikia. Alirudi kwa ajili yao, ndipo wakamshika. Kutoka gereza la Thysville alimwandikia Pauline barua, maandishi yake ya mwisho tunayoyajua, akimwambia kwamba siku moja Waafrika wataandika wenyewe historia yao. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga, mwili ukayeyushwa kwa asidi.

Kilichobaki ni jino, alilolichukua polisi mmoja Mbeleji. Ubelgiji ililirudisha kwa familia tarehe 20 Juni 2022. Likawekwa katika jeneza, likapita Sankuru, na siku chache baadaye ndege ikatua Kisangani, watu wakiwa wamejipanga barabarani kumpokea.