Hukumu iko, fidia iko wapi?

Wandugu, wengi wetu tunakumbuka mwaka 2006 juu ya uchaguzi. Lakini mwaka ule ule, tarehe 20 Julai, Kongo ilipata sheria mbili juu ya ubakaji. Ya kwanza ilibadilisha kitabu cha makosa na adhabu. Ya pili ilisema kesi isipite miezi mitatu, na jaji aite daktari na mtaalamu wa saikolojia kwa ajili ya muhanga. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini zote mbili zilimuangalia zaidi mkosaji: afungwe namna gani, miaka mingapi. Muhanga akitoka tribinali, nani anamulipa?

Angalia Songo Mboyo, katika Équateur ya wakati ule. Mwezi wa Aprili 2006, majaji wa jeshi wa Mbandaka waliwahukumu wanajeshi 7, na wakasema serikali ilipe fidia pamoja nao. Miaka ikapita, wamama wakabaki na karatasi. Kuna jambo wengi hawalijui: ili hukumu ya fidia itekelezwe, muhanga mwenyewe anaombwa kwanza alipie tribinali sehemu ya ile pesa, isipokuwa akileta cheti cha umaskini. Na cheti chenyewe kinaomba safari na makaratasi.

Tuje Kavumu, hapa Kivu ya Kusini. Tarehe 13 Desemba 2017, mbunge wa jimbo na watu wake walipewa kifungo cha maisha juu ya kubaka watoto wadogo. Majaji walipanga dola 5.000 kwa kila mtoto, na 15.000 kwa familia za waliouawa. Lakini walikataa kusema serikali nayo ina deni. Basi walipaji wakawa wafungwa. Mfungwa atatoa dola wapi?

Ndiyo maana sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 ina uzito. Inawahusu wahanga wa ubakaji wa wakati wa vita na wa makosa makubwa dhidi ya ubinadamu. Inaweka fidia mikononi mwa serikali, kupitia mfuko wa taifa unaoitwa FONAREV, na mfuko ule unapata 11% ya mrabaha wa madini. Wahanga wa Kisangani, waliopigwa na mabomu ya Rwanda na Uganda mwezi wa Juni 2000, wana mfuko mwingine, FRIVAO. Huo unapokea zile dola milioni 325 ambazo korti ya La Haye iliamuru Uganda ilipe, mwaka 2022.

Kwa hiyo leo hatuwezi tena kusema sheria hakuna, wala pesa hazina chanzo. Kinachokosa ni njia kati ya mfuko na mama wa kijijini asiyesoma Kifaransa. Sisi tuna diploma: tumsomee ile sheria kwa Kiswahili, tumsaidie kupanga dosye yake, na tuulize mbele ya watu wote pesa zimefika kwa nani. Kama hatuulizi, karatasi ya 2022 itafanana na ile ya Mbandaka.