Farasi 135 Walipotelea Wapi?

Mwaka 1970, Corvette yenye injini ya kawaida ya lita 5.7 iliuzwa Marekani ikiwa na nguvu za farasi 300. Mwaka 1975, gari la jina hilohilo, lenye injini ya ukubwa uleule, lilikuwa na farasi 165. Mwenye gari aliyefunua boneti kumtafuta mwizi hakuhangaika. Alikuta vali, paipu za mpira na pampu ambazo gari la baba yake halikuwa nazo. Akachukua spana.

Vifaa hivyo vilizaliwa na moshi wa Los Angeles. Julai 1943 moshi mzito uliwawasha watu macho mchana kweupe, na kwa kuwa ilikuwa wakati wa vita, wapo waliodhani Wajapani wamerusha sumu. Baadaye lawama ikaangukia kiwanda kimoja cha malighafi ya mpira bandia. Kikafungwa kwa muda, moshi ukabaki palepale. Aliyefumbua fumbo ni Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa akichunguza harufu ya nanasi katika chuo cha Caltech. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kwamba mvuke wa petroli na oksidi za nitrojeni, vikipigwa na jua, huzaa ozoni. Mtuhumiwa mkubwa akawa gari.

Kuanzia hapo vifaa viliongezeka kimoja kimoja. Magari ya California ya 1961 yalipata vali ya kurudisha injini mvuke unaovujia chini ya pistoni. Mwaka 1966 ikaja pampu inayozungushwa kwa mkanda, kazi yake kusukuma hewa safi kwenye ekzosi ili mafuta yaliyotoka bila kuungua yamalizikie humo. Kisha Desemba 1970 Rais Nixon akatia saini sheria iliyotaka kaboni monoksidi na hidrokaboni zipungue kwa asilimia 90 kufikia magari ya 1975. Kampuni za Detroit zililia kwamba haiwezekani, zikaongezewa mwaka mmoja. Honda, kampuni changa katika soko hilo, ilikidhi viwango kwa injini yake ya CVCC bila kataliti, yaani kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi. Kampuni nyingi za Marekani zilichagua kataliti.

Turudi kwa wale farasi. Mwaka 1971 General Motors ilishusha kompresheni ya injini zake ili zikubali petroli yenye risasi kidogo au isiyo na risasi kabisa, maana risasi huiua kataliti. Injini ile ya Corvette ikatoka 10.25 kwa 1 hadi 8.5 kwa 1, farasi wakawa 270. Mwaka uliofuata wakawa 200, ingawa injini ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni namna ya kupima. Zamani injini ilipimwa ikiwa tupu, bila vifaa inavyobeba garini wala ekzosi ya gari. Tangu 1972 ikapimwa ikiwa imevaa kila kitu. Kwa hiyo farasi 70, zaidi ya nusu ya wote waliopotea, walifutwa kwa kalamu. Hao hawakuwahi kufika barabarani hata siku moja.

Mwaka 1975 mlalamikaji alikuwa na haki zaidi. Mabomba mawili ya ekzosi yaliunganishwa yakapitishwa kwenye kataliti moja iliyojaa vidonge, nayo ilibana pumzi ya injini kwelikweli. Lakini pampu, ambayo wengi waliing'oa kwa hasira, ilikula nguvu kidogo sana. Walioziba vali ya kurudisha moshi kwenye silinda bila kugusa taiming waliambulia injini inayogonga, kwa sababu moshi ule ndio uliokuwa ukipoza mwako.

Wengine hawakung'oa chochote ila walipanua mdomo wa tangi. Magari ya kataliti yalitengenezewa mdomo mwembamba usiopokea bomba la petroli yenye risasi, na petroli hiyo ilikuwa rahisi kwa senti chache. Tangi chache zilitosha kuharibu kifaa cha bei kubwa mara nyingi kuliko akiba yote iliyopatikana.

Sheria ilimfuata mwenye spana polepole. Mwanzoni iliwakataza watengenezaji na wauzaji wa magari kuharibu vifaa hivyo. Marekebisho ya 1977 yakaongeza gereji, na ya 1990 yakamfikia mtu yeyote, hata mwenye gari akiwa uani kwake. Anayelivua gari viti na zulia aligeuze la mashindano bado anabishana na serikali: je, gari lililosajiliwa kwa barabara linaweza kuacha kuwa hivyo? California haiyaiti kwenye ukaguzi wa moshi magari ya petroli ya 1975 na ya nyuma yake, ndiyo maana yanatafutwa sana na watu wanaopenda kubadilisha injini. Msamaha huo lakini ni wa ukaguzi tu; kung'oa vifaa bado ni kosa.

Kwetu Afrika Mashariki petroli yenye risasi iliondoka sokoni kufikia mwanzoni mwa 2006, na tangu hapo kataliti za magari yaliyotumika kutoka Japani zinaweza kufanya kazi yake. Mafundi wengi huziita masega, na wapo wanaozing'oa kwa ahadi ileile ya nguvu. Za leo hazibani kama zile za vidonge, na nyingi zina sensa ya oksijeni inayowasha taa ya injini ukizitoa. Fundi akikuahidi farasi, muulize kwanza masega yenyewe atayapeleka wapi. Ndani yake mna platinamu na paladi, na hizo zina mnunuzi.