Mkopo wa Miaka 25, Kifaa cha Miaka 3

Mwaka 2010, kwenye kiwanja cha Wilshire Boulevard ilipokuwa Hoteli ya Ambassador, mahali alipopigwa risasi Robert Kennedy mwaka 1968, jijini Los Angeles, zilifunguliwa shule mpya za umma zenye jina lake. Ujenzi ulikula dola milioni 578. Marekani haikuwahi kuwa na shule ya umma ya bei hiyo. Wakati huohuo wilaya ya shule ya Los Angeles, ya pili kwa ukubwa nchini humo baada ya New York, ilikuwa inapunguza walimu kwa maelfu, na mwaka uliofuata wakutubi wa shule nao wakaanza kupokea barua za kuachishwa kazi.

Mtu akiyatazama mambo hayo mawili kwa pamoja ataona kichaa. Lakini hakikuwa kichaa, yalikuwa matokeo ya sheria. Wilaya ilikuwa na mifuko miwili, na fedha za mfuko mmoja haziruhusiwi kuingia mfuko wa pili.

Mfuko wa kwanza ni wa mishahara, vitabu na matumizi ya kila siku. Mwaka 1978 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 13, lililoibana kodi ya nyumba na ardhi, ambayo kwa miongo mingi ndiyo iliyozilisha shule. Tangu hapo wilaya zikawa zinaitegemea serikali ya jimbo huko Sacramento, na Sacramento nayo inategemea sana kodi ya mapato, ambayo uchumi ukiyumba huwa ya kwanza kuporomoka. Mtikisiko wa 2008 ulipofika, mfuko huu ulikauka.

Mfuko wa pili ni wa majengo, na hujazwa kwa hatifungani: wilaya inakopa kwenye soko la fedha kwa idhini ya wapiga kura, nao wenye nyumba wanalipa deni na riba kidogo kidogo kwa miaka mingi. Mwaka 2000 jimbo lilirahisisha idhini hiyo. Badala ya theluthi mbili za kura, asilimia 55 zikatosha, kwa sharti kwamba kuwe na kamati ya raia ya kusimamia matumizi na kwamba fedha hizo zisilipe mishahara ya walimu. Los Angeles walikuwa na shida ya kweli, kwani watoto walirundikana madarasani na baadhi ya shule zilifundisha kwa zamu mwaka mzima. Wakapiga kura za ndiyo mwaka 1997, hata kabla ya sheria hiyo, kisha 2002, 2004, 2005, na tena 2008, ambapo hatifungani moja tu, iliyoitwa Measure Q, iliidhinisha dola bilioni 7. Shule zikajengwa zaidi ya 100. Kufikia 2011 mfuko wa majengo ulikuwa bado umenona na mfuko wa walimu umebaki ngozi na mifupa.

Mwaka huohuo, mwezi wa nne, akaingia msimamizi mkuu mpya, John Deasy, aliyewahi kufanya kazi katika taasisi ya Bill na Melinda Gates. Hoja yake kuu ilikuwa ya haki. Mtoto wa tajiri ana kompyuta nyumbani na mtoto wa maskini hana, na sehemu kubwa ya watoto wa wilaya hiyo walitoka katika kaya maskini. Kuna waliomwona ni mtu wa papara, na pengine alikuwa hivyo, ila hoja yenyewe ilikuwa nzito na sijaona aliyeijibu vizuri.

Juu ya haki kulikuwa na kalenda. California ilikuwa imekubali viwango vipya vya masomo vilivyoitwa Common Core, na mitihani ya viwango hivyo ilipangwa kufanywa kwa kompyuta kuanzia masika ya 2015. Kwa hiyo wilaya ilihitaji vitu viwili kwa mpigo: mtaala mpya wa kufundishia na mashine za kufanyia mtihani. Mtaala ni kazi ya mfuko wa kwanza, ambao haukuwa na kitu. Mashine, kwa tafsiri ya wanasheria wa wilaya, zingeweza kuhesabiwa kuwa vifaa vya shule na kulipiwa na mfuko wa pili.

Hapo ndipo wazo la kuviunganisha lilipoanza kuonekana la busara. Zabuni iliyotangazwa iliomba kishikwambi ambacho mtaala umeshapakiwa ndani yake, vyote katika bei moja. Mshindi akawa Apple na iPad yake, na chini yake, kama mkandarasi mdogo, kampuni ya vitabu vya kiada ya Pearson kutoka Uingereza. Tarehe 18 Juni 2013 bodi ya wilaya iliidhinisha mkataba wa kuanzia, dola milioni 30 kwa shule 47. Lengo la mwisho lilikuwa kumpa kifaa kila mwanafunzi, yaani watoto wapatao 650,000, na ukijumlisha na mtandao wa wifi wa kuvihudumia, makadirio ya mradi mzima yalifika dola bilioni 1.3. Deasy, aliyekuwa na hisa za Apple, alijiondoa kwenye uamuzi huo.

Inafaa kuutazama kwa makini mtaala ulionunuliwa siku ile, maana ulikuwa haujaandikwa. Pearson walionyesha masomo machache ya mfano kwa kila darasa; mengine walikuwa bado wanayatunga. Kitabu cha kiada cha kawaida hupitia kwa walimu kabla ya kununuliwa. Wanakifungua, wanagombana juu ya sura ya sehemu na desimali, wanauliza mtoto anayejifunza Kiingereza atakielewa vipi. Safari hii hapakuwa na cha kufungua. Leseni yenyewe ilikuwa ya miaka 3, na ilianza kula siku zake wakati masomo yanaendelea kuandikwa. Hatifungani iliyolipia hulipwa kwa miaka hadi 25. Ni sawa na kuchukua mkopo wa nyumba ili umnunulie mtoto viatu.

Vishikwambi vilianza kugawiwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo, mwaka 2013. Wilaya ilikuwa imeviwekea kila kimoja wasifu wa udhibiti, programu ndogo inayokizuia kufungua kurasa zisizotakiwa hata kikiwa nyumbani. Katika shule ya sekondari ya Roosevelt, upande wa mashariki wa jiji, wanafunzi hawakuhitaji ujuzi wowote wa ajabu. Waliingia kwenye mipangilio, wakautafuta wasifu uliowekwa na wilaya, wakaufuta. YouTube ikafunguka, na Facebook pia. Habari ikaenea kwa kasi ambayo hakuna mafunzo ya walimu yaliyowahi kuifikia, na ndani ya wiki chache wanafunzi wapatao 300 katika shule tatu walikuwa wameshafanya hivyo. Wakubwa wakazuia vishikwambi kupelekwa nyumbani, na baadhi ya shule zikavikusanya kabisa.

Magazeti yalilicheka jambo hilo kwa majuma. Mimi naona lilikuwa dogo. Watoto wale walifanya kile ambacho mtu yeyote hufanya akipewa chombo kipya, yaani kukijaribu. Zito zaidi lilikuwa swali ambalo wazazi waliuliza na kupata majibu yanayogongana kutoka shule moja hadi nyingine: kikipotea au kikivunjika, nani analipa?

Oktoba bei nayo ikabadilika. Wananchi walikuwa wameambiwa dola 678 kwa kifaa. Hesabu mpya zilionyesha karibu dola 770, kwa sababu punguzo lililotajwa lingeanza kufanya kazi tu baada ya wilaya kutumia angalau dola milioni 400. Kisha kukaibuka suala la kibodi. Mtihani ambao vifaa hivyo vilinunuliwa kwa ajili yake ulitaka mtoto aandike insha, na iPad haina vitufe vya kuandikia. Kibodi zikawa gharama ya pembeni. Baadaye bodi ikaruhusu baadhi ya sekondari zijaribu kompyuta mpakato badala yake.

Kamati ya raia ya kusimamia hatifungani, ile iliyotakiwa na sheria ya 2000, ilikuwa na mjumbe aitwaye Stuart Magruder, mbunifu wa majengo. Alikuwa akihoji waziwazi kama fedha za kujengea zinapaswa kununua vitu vinavyochakaa haraka namna hii. Mwezi wa tano 2014 kipindi chake kilipokwisha, bodi ilikataa kumrudisha. Kelele zilikuwa kubwa mno, na wiki chache baadaye bodi hiyohiyo ikamrejesha.

Agosti 2014 mambo yakafumuka. Waandishi wa redio ya umma KPCC na wa Los Angeles Times walichapisha barua pepe za tangu mwezi wa tano 2012, karibu mwaka mzima kabla ya zabuni, ambamo Deasy na naibu wake Jaime Aquino waliwasiliana na wakuu wa Pearson kuhusu mtaala na vifaa. Aquino aliwahi kuwa mtendaji katika kampuni iliyokuja kuwa chini ya Pearson. Katika barua mojawapo aliandika kuhusu haja ya kuhakikisha kwamba bei ya Pearson inakuwa ya chini kuliko zote. Deasy alisema mazungumzo yale yalihusu jaribio dogo la awali na hayakuwa na kosa. Pamoja na hayo, mwezi huohuo alisimamisha ununuzi chini ya mkataba ule na kusema wilaya itaanza zabuni upya.

Kwangu mimi, taarifa iliyofuata muda mfupi baadaye ilikuwa nzito kuliko barua pepe zote. Watafiti walioajiriwa kutathmini mradi walikuwa wametembelea madarasa 245. Mwalimu waliyemkuta akitumia mtaala wa Pearson alikuwa mmoja.

Hilo halikumaanisha kwamba walimu walikuwa wavivu. Wengi walikuwa wamepata mafunzo ya siku chache tu juu ya kitu kilichokuwa bado hakijakamilika, intaneti ya shule ilizidiwa darasa zima likiingia kwa pamoja, na kuna masomo yaliyokataa kufunguka. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya 30 mbele yake hasubiri. Anarudi kwenye ubao na karatasi zake, na kishikwambi kinabaki cha kutafutia picha na kutengenezea maonyesho. Kazi hiyo ingewezekana kwa kifaa cha bei nafuu zaidi kisicho na mtaala wowote ndani.

Muhula huohuo mfumo mpya wa kompyuta wa kuhifadhi kumbukumbu za wanafunzi, MiSiS, uliwashwa kabla haujaiva. Katika sekondari ya Jefferson kuna wanafunzi waliokaa majuma bila ratiba sahihi ya masomo, hadi jaji akaliamuru jimbo liingilie kati. Tarehe 16 Oktoba 2014 Deasy alijiuzulu. Tarehe 1 Desemba maofisa wa FBI walifika ofisi za wilaya na kuondoka na maboksi 20 ya nyaraka.

Bodi ikamwita Ramon Cortines, mzee aliyekuwa ameshaiongoza wilaya hiyo mara mbili. Februari 2015 alisema hadharani kwamba wilaya haina uwezo wa kumnunulia kila mtoto kifaa. Mwezi wa nne mwanasheria wa wilaya aliiandikia Apple kwamba hawataki tena masomo mapya ya Pearson wala hawatayalipia. Ripoti ya ndani ya wakati huo ilieleza kwamba kati ya shule 69 zilizokuwa katika mradi, ni mbili tu zilizoutumia mtaala huo mara kwa mara. Baadaye mwaka huo wakapatana nje ya mahakama, na wilaya ikarudishiwa takriban dola milioni 6.4. Uchunguzi wa serikali kuu ulifungwa Februari 2017 bila mtu yeyote kushtakiwa.

Wilaya ilinunua iPad zaidi ya 43,000 zenye mtaala wa Pearson. Chini ya mkataba huohuo ilinunua nyingine zaidi ya 77,000 zisizo na mtaala wowote, kwa ajili ya mitihani. Kwa maneno mengine, sehemu iliyotimiza kazi iliyokusudiwa ni ile ya kumpima mtoto. Ile ya kumfundisha, iliyotumika kama sababu ya kuunganisha kila kitu katika bei moja, ndiyo iliyorudishwa dukani.

Masika ya 2020 janga la korona lilipofunga shule, hakuna aliyebishana tena kama mtoto anahitaji kifaa. Msimamizi mkuu wa wakati huo, Austin Beutner, alitenga haraka dola milioni 100 kwa ajili ya vifaa na intaneti. Intaneti ndiyo iliyokuwa mpya. Mwaka 2013 wilaya ilipanga wifi kwa ajili ya madarasa, na familia nyingi hazikuwa na muunganisho nyumbani ambako kishikwambi kilitarajiwa kulala. Hata kama mpango wa Deasy ungefanikiwa asilimia mia, watoto hao wangebaki nje.

Miaka minne baadaye, Machi 2024, wilaya hiyohiyo ilizindua kwa shangwe roboti ya mazungumzo iitwayo Ed, iliyoendeshwa kwa akili bandia. Ingemjua kila mwanafunzi kwa jina, ingemkumbusha kazi zake na kumpangia masomo yanayomfaa. Ilitengenezwa na kampuni changa ya AllHere kwa mkataba wa hadi dola milioni 6. Kabla ya mwezi wa sita kwisha kampuni ilikuwa imewapumzisha wafanyakazi wake wengi kwa kukosa fedha, na Ed akazimwa. Wilaya ilikuwa imeshalipa takriban dola milioni 3.