Mizizi ya Mugumo
Msomaji, yafaa ujue kwamba ukingo wa mto ulilindwa kwa mizizi kabla ya kulindwa kwa saruji. Huko Ihithe, Nyeri, alikozaliwa Wangari Maathai mwaka wa 1940, palisimama mugumo mkubwa karibu na chemchemi ya kijito. Mamaye alimkataza kuokota kuni zake, maana ulikuwa mti wa Mungu. Mizizi yake ilishika udongo wa mteremko na kuyapatia maji njia ya kutokea. Baadaye mti ulikatwa, na kijito kikakauka. Mwaka wa 1977 Wangari alianzisha Green Belt Movement, na akina mama wakapanda miti kwa mamilioni. Basi nawe, ulimapo kando ya mto, uuachie ukingo miti na majani yake.